Siku kumi nyuma ya kocha wa makasia: Putney, Henley, Cambridge

Daftari la safari hii lililowa siku ya pili tu (nitaeleza, aibu yangu mwenyewe), kwa hiyo mengine nimeyafufua kutoka kwenye picha za simu na risiti. Nilisafiri Juni 2024. Kwa walioniuliza imekuwaje nimefika London nikarudi bila picha ya Big Ben, jibu ni hili.

Mimi ni mtu wa mtumbwi. Nilipiga kafi kwenye mashindano ya sikukuu pale Pangani kwa miaka kumi na minne, mpaka bega la kulia likasema basi. Sasa nafundisha vijana. Na kufundisha, jamani, si kupiga. Kile ambacho mwili ulikuwa unakifanya wenyewe, mdomo haukijui. Nilikuwa napayuka ufukweni, "Vuta! Nyoosha mgongo! Siyo hivyo!", na mtumbwi unazidi kuyumba. Ndipo nikasimuliwa habari za Steve Fairbairn, Mwaustralia aliyezaliwa Melbourne mwaka 1862, akashindana kwa makasia Uingereza, kisha akawa kocha ambaye wenzake walimgombania kama mpira: nusu wanamwita mwokozi, nusu wanasema anaharibu mchezo. Nikataka kuyaona maji aliyofundishia.

Alhamisi 6 Juni, kufika

Viza ya matembezi ilikuwa pauni 115, na pauni moja wakati ule ilikuwa kama shilingi 3,300. Pigeni hesabu wenyewe. Ndege tuiache, nililala. Uwanjani ofisa akauliza nimefuata nini. Nikasema, "Makasia." Akaniangalia kidogo, akagonga muhuri.

Dada yangu, binti wa mama mdogo, anakaa East Ham. Alinipokea na chai ya tangawizi na koti la shemeji. Nililicheka lile koti. Kesho yake sikulicheka tena.

Kwa watakaokwenda: kwenye mabasi ya London hakuna kumpa kondakta pesa. Unagusisha kadi, unapita. Basi lilikuwa pauni 1.75, na ukipanda jingine ndani ya saa moja hukatwi mara ya pili. Kadi yangu ya benki ya nyumbani ilikuwa inakatwa na ada ya kubadilisha fedha juu yake, nikaona bora ninunue kadi ya usafiri ya huko, Oyster, kwa pauni 7, niijaze mwenyewe.

Ijumaa 7 Juni, Putney, na jinsi mtoto wa Pangani alivyolowa

Baada ya sala ya Ijumaa nilipanda treni ya chini ya ardhi hadi kituo cha Putney Bridge, nikavuka daraja kwa miguu. Upande wa pili, ukishuka kulia, ndiyo barabara ya nyumba za boti, zimepangana ukutani kama maduka ya vitenge. London Rowing Club ipo tangu 1856, Thames Rowing Club tangu 1860, na Fairbairn aliwafundisha wote wawili kwa nyakati tofauti. Kwenye ukingo lipo jiwe lenye herufi UBR, kifupi cha University Boat Race, mbio za boti za vyuo vikuu. Hapo ndipo mbio za Oxford na Cambridge zinapoanzia. Fairbairn alizipiga mara nne akiwa Cambridge: 1882 na 1883 wakashindwa, 1886 na 1887 wakashinda.

Boti zao nyembamba kama ganda la mbegu ya mkungu, na ndefu ajabu. Ile ya watu wanane inapita mita kumi na saba. Wapigaji wanakaa wameipa mgongo safari. Wanakwenda kinyumenyume! Anayeona mbele ni nahodha peke yake, kijana mwembamba aliyekaa tezi na usukani wake. Nilisimama pale kwenye mteremko wa kushushia boti, mkoba nimeuweka chini karibu na maji, nikipiga picha vishwara vyao vya chuma vya kushikia makasia na viti vinavyoteleza kwenye reli.

Sasa ndugu zangu wa pwani, mnajua tarehe hiyo mwezi ulikuwa umeandama jana yake. Bamvua. Mto Thames pale Putney unapwa na kujaa kama wa kwetu, na mimi nimezaliwa mdomoni mwa mto, nimelelewa na maji ya namna hiyo, lakini akili ilikuwa imeshajiambia kwamba hii ni Ulaya, mito yake ina adabu. Nilishtuka kusikia mtu ananipigia kelele. Mzee mmoja mwenye mabuti ya mpira alikuwa ameingia maji ya goti, ameushika mkoba wangu juu kama samaki. Pasi ya kusafiria ilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki, alhamdulillahi. Daftari halikuwa.

Alinipeleka kwenye benchi, akanipa taulo lililonuka matope, akaniambia kila bamvua kubwa kuna mwenye gari anayeliegesha pale na kulikuta linaelea. Nilimwambia kwetu mimi ndiye ninayewaonya wageni kuhusu maji. Alicheka mpaka akakaa.

Kwa watakaokwenda: tazama jedwali la maji kujaa na kupwa kabla ya kufika Putney. Zaidi ya hapo sisemi.

Jumamosi 8 Juni, maili moja na tatu zaidi

Asubuhi maji yalikuwa yamepwa, matope mazuri ya kijivu yanang'aa. Nilianza kwenye jiwe la UBR nikafuata njia ya miguu ya upande wa kusini, chini ya miti, baiskeli zinanipita, upupu wao pembeni (usiguse, nimegusa). Ng'ambo unaonekana uwanja wa Fulham. Maili moja kamili kutoka jiwe lile umesimama mnara wa mawe wa Fairbairn, na miaka yake, 1862 na 1938. Wapiga makasia wanauita nguzo ya maili. Nimependa hilo: mtu amekufa, na bado anawapimia watu mwendo.

Nilikaa chini yake nikala chapati na maharage ya dada. Bwana mmoja aliyekuwa anatembeza mbwa akasimama, pengine kwa sababu ya harufu. Nikamkatia kipande, akanimiminia chai kutoka kwenye chupa yake. Naye aliwahi kushindana kwenye mbio alizozianzisha Fairbairn. Majira ya baridi vilabu vilikuwa vinafanya mazoezi ya masafa marefu bila lengo, kwa hiyo Desemba 1926 kocha akazipanga boti 21, ziachiliwe moja nyuma ya nyingine kutoka Mortlake kushuka hadi Putney kwa kufuata maji yanayopwa, kila moja ishindane na saa. Siku hizi zinaweza kufika karibu 400, na mshindi anapewa sanamu ya kichwa cha Fairbairn.

"Alikuwa mkali?" nikauliza.

"Alikuwa anapenda tu watu wapige maili nyingi," akasema, "na sisi tulikuwa hatupendi."

Kutoka hapo hadi Mortlake ni mwendo wa saa mbili ukiwa mtu wa kusimamasimama. Daraja la Hammersmith, lililofunguliwa 1887, mwaka ule ule Fairbairn alioshinda mara ya mwisho, lilikuwa limefungwa kwa magari tangu 2019, wanapita waenda kwa miguu na baiskeli. Daraja la Barnes nililitazama kwa muda mrefu. Mwaka 1886 Cambridge walifika hapo wakiwa nyuma, jambo ambalo kwa kawaida lilikuwa ni kuaga. Wakamaliza mbele kwa theluthi mbili za urefu wa boti. Fairbairn alikuwa ndani, na watu wanaomwita kocha wa nadharia wanalisahau hilo. Mwisho wa mbio, karibu na daraja la Chiswick, lipo jiwe jingine la UBR. Nililigusa kwa mkono uliowashwa na upupu, nikapanda treni kituo cha Mortlake.

Jumapili nilifua, nikakausha daftari ukurasa kwa ukurasa kwa mashine ya nywele.

Jumatatu 10 Juni, Henley

Kutoka Paddington, kubadilisha Twyford, kisha kitreni kinachokwenda kama kinaogopa kumwamsha mtu. Mashindano makubwa ya Henley, ambayo yapo tangu 1839, yalikuwa bado wiki tatu, na mafundi walikuwa wanakita nguzo mtoni kutenga njia ya mita 2,112. Boti mbili tu kwa wakati mmoja, anayeshindwa anakwenda nyumbani. Mji mzuri, umepakwa rangi hadi kwenye ncha. Samaki na chipsi pauni 15. Nilikula, nikanyamaza, nikarudi. Kama huna siku nyingi, Henley bila mashindano unaweza kuiruka.

Jumanne mvua.

Jumatano 12 Juni, Cambridge

Treni kutoka King's Cross inachukua kama dakika hamsini. Nilikata tiketi mapema kwa pauni 14. Chumba nilikipata nyumbani kwa mama mmoja mjane kwa pauni 55 usiku, kifungua kinywa ndani, na kwa wiki ile hiyo ni bahati. Wiki ile ndiyo ya mbio za Mei, za boti za vyuo vilivyo ndani ya chuo kikuu cha Cambridge. Zinafanyika Juni. Niliuliza mara tatu, nikaacha.

Mto Cam ni mwembamba mno boti mbili kupita sambamba, kwa hiyo wamebuni ukatili mwingine. Boti kama kumi na saba zinapangwa mstari mmoja, moja nyuma ya nyingine, nafasi kati yao ni urefu wa boti moja na nusu. Nahodha ameshika mnyororo uliofungwa ukingoni. Mzinga wa kwanza: zimebaki dakika nne. Wa pili: dakika moja. Wa tatu: anaachia, na kila boti inamfukuza aliye mbele huku ikimkimbia aliye nyuma. Ukimgusa, mnabadilishana nafasi kesho yake. Hivyo siku nne. Anayegusa anachuma matawi ya msituni anajivika kichwani, na boti inarudi nyumbani kama kichaka kinachoelea. Aliyeguswa siku zote nne naye ana jina lake: amepata kijiko.

Nilisimama kwenye njia ya kando ya mto, kosa kubwa. Nyuma ya kila boti wanakuja wapanda baiskeli wanaopuliza filimbi kuwaambia wapigaji umbali uliobaki, na hawatazami barabara, wanatazama maji. Nilijirusha kwenye nyasi mara mbili. Ya pili haikutosha.

Aliyenigonga alikuwa mwanamke wa makamo, kocha wa boti ya wanawake ya chuo kimoja. Usukani wa baiskeli ulinichoma ubavuni. Alipiga filimbi mbili ndefu kwanza, ndipo akaomba radhi. Nilimwelewa kabisa. Boti yake ikagusa. Akarudi kunitafuta akiwa na chupa ya maji na tawi la mti.

Alhamisi 13 Juni, saa kumi na mbili asubuhi

Yule kocha aliposikia nami nafundisha, alisema nije mazoezini alfajiri, na mama mwenye nyumba akaniazima baiskeli ya marehemu mumewe, ndefu kama twiga.

Ukungu mtoni, bata, baridi. Tukafuata boti kwa baiskeli, yeye anafundisha huku anakanyaga pedali. Aliwahi kushindana miaka tisa, mgongo ukamshinda. Mwaka wake wa kwanza wa ukocha, akasema, aliwaharibia wasichana wote kwa kuwaambia wafanye kama yeye. "Nilikuwa nafundisha mwili wangu," akasema. "Na wao hawana mwili wangu."

Halafu akanieleza ugomvi wa Fairbairn kwa namna ambayo sikuwa nimeupata popote. Makocha wa kale walifundisha umbo: mgongo kama msumari, kichwa hivi, mikono vile. Mafundisho hayo yalitoka zama za viti visivyosogea. Viti vya kuteleza viliingia kwenye mbio za Oxford na Cambridge mwaka 1873, lakini midomo ya makocha ikabaki imekaa kwenye kiti cha zamani. Fairbairn akasema acheni kuutazama mwili. Tazameni kasia linavyoshika maji, sukumeni kwa miguu, mwili utajipanga wenyewe. Na sikilizeni: makasia yote yakishika pamoja kuna mlio mmoja safi kama wa kengele. Watu wake walionekana vibaya majini, mabega huku na kule, na wenye mchezo wakakasirika. Walionekana vibaya, na wakashinda.

Kisha akaitisha boti: wapigaji wote wafumbe macho, nahodha tu abaki anaona. Mwanzoni nilisikia makasia kwenye vishwara kama watu wanane wanashuka ngazi ya mbao: tok-tokotok-tok. Mapigo ishirini. Tokotok. Mapigo kama arobaini, hakuna anayesema kitu, na pale karibu na mti ulioinama ikaja: tok. Kimya, maji yanachuruzika chini ya ubao. Tok. Boti ikanyanyuka kidogo, naapa, kama mtu anayevuta pumzi.

Nilisimamisha twiga wangu. Marehemu mjomba aliyetufundisha kafi alikuwa anakaa kwenye ukuta wa gati na kutupa mgongo. Hatutazami. Anakula machungwa. Halafu anasema, bila kugeuka, "Wa tatu kutoka omo anachelewa." Tulidhani ni uchawi. Wengine walisema ni dharau. Nimekaa miaka yote hiyo na sikujua mzee alikuwa anafanya nini pale.

Jioni boti ya yule kocha ikagusa tena.

Ijumaa 14 Juni, chuo na msikiti

Fairbairn alikuwa mtu wa Jesus College, chuo cha 1496. Alikuja kusoma sheria mwaka 1881, wakati boti ya chuo hicho ilikuwa kinara wa mto. Ilikaa kileleni kutoka 1875 hadi 1885. Baada ya miaka ya kondoo kwao Australia alirudi Uingereza mwanzoni mwa karne ya 20, akawafundisha. Bawabu aliniambia wageni hawaingii ovyo majira ya mitihani, akanitazama viatu vilivyopauka kwa maji ya Thames, akauliza nimetoka wapi. Pangani ikabidi nimchoree. Akanipa dakika kumi na tano.

Kanisa la chuo ni kuukuu kuliko chuo chenyewe, lilikuwa la watawa wa kike. Majivu ya Fairbairn yalizikwa kivulini mwake mwaka 1938. Nilisimama kwenye nyasi pale, nikasoma Fatiha kimoyomoyo, sikujua la kufanya jingine. Uani kuna farasi wa shaba. Jogoo wa shaba wa Benin, aliyeporwa 1897 na kuletwa chuoni 1905, hayupo: chuo hiki kilimrudisha Nigeria Oktoba 2021. Bawabu alilitaja hilo mwenyewe, nami nilifurahi kwamba sikulazimika kuuliza.

Sala ya Ijumaa niliswali msikiti mkubwa wa Mill Road, uliofunguliwa 2019, nguzo zake za mbao zinapanda na kufumana juu kama mikoko iliyofundishwa hesabu. Baada ya sala kijana mmoja wa Kisomali akanisikia nikisema Kiswahili kwenye simu. Alikulia Mombasa! Akanipakia garini, akanilisha wali na nyama ya mbuzi, akakataa hata senti, akanishusha mtoni saa za mbio. Mguso wa tatu.

Kwa watakaokwenda: kutazama mbio hizi ni bure. Usikae upande wa njia ya baiskeli. Nenda ng'ambo, kwenye nyasi za Fen Ditton, ufike mapema na kitu cha kukalia.

Jumamosi 15 Juni

Nilifuata ushauri wangu mwenyewe. Siku ya nne boti ya yule kocha ilihitaji mguso mmoja tu ili wasichana wapewe makasia ya ukumbusho. Walikuja hadi inchi, filimbi zinapigwa bila kukoma, na aliye mbele yao akagusa wa mbele yake na kujitoa njiani. Wakabaki hawana wa kumgusa. Wakapiga hadi mwisho, bila kugusa wala kuguswa. Kocha akashuka kwenye baiskeli, akailaza chini taratibu sana, akaenda kutazama bata.

Baadaye alinipa pete ya plastiki inayovalishwa kwenye kasia, iliyochakaa. Nilirudi London kwa treni ya saa mbili usiku. Jumapili ilikuwa Idi, dada alipika pilau, shemeji alidai koti lake.

Pangani, Julai

Wiki ya kwanza niliwapanga vijana, mitumbwi miwili, watu sita kila mmoja. Nikawaeleza habari za mlio. Nikawaambia wafumbe macho, wote, wapige taratibu. Kisha nikakaa kwenye ukuta wa gati, nikaupa mto mgongo, nikamenya chungwa.

Nilisikia makafi: pwa-pwapwa-pwa. Nikangoja. Pwapwa-pwa. Yakaanza kukaribiana. Pwa. Kimya. Pwa. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimtaje anayechelewa, nikasikia matawi yanavunjika. Wetu hawana nahodha wa peke yake. Anayeelekeza mtumbwi ni yule wa tezi, kwa kafi lake hilo hilo, na mimi nilisema wote.